Kunguru wa Nguzo ya Themanini na Nane

Benchi la Mama Birika,
Hatua sita kutoka nguzo namba 88,
Ijumaa, saa saba na nusu mchana.

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Umeme,

KUH: KOMPYUTA ILIYONIIBIA KUNGURU

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa fundi wako mkuu wa gari la dharura, mtumishi wa miaka thelathini na moja, ambaye amepanda nguzo nyingi kuliko ngazi zote ulizopanda wewe, hata zile za cheo tukizijumlisha. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kujisifu sikujui. Waulize watu: katika kutojisifu, mji huu hauna anayenifikia hata magotini.

Ulitangaza kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi kikao kitaamua kama ile kompyuta ya kutafuta hitilafu za umeme ibaki au iondolewe, na kwamba mwenye neno aliandike mapema. Mimi neno ninalo, na la akiba ninalo. Kwa kifupi: iondolewe. Kwa kirefu, soma mpaka mwisho, na kama una kikombe karibu kivute.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda cha Mama Birika, muuza chai. Usidhani nimekuja kunywa chai saa za kazi. Nimekuja kukusanya ushahidi. Chai imekuja yenyewe.

Jambo moja nilimalize mapema, asije akatokea mtu wa kunong'ona pembeni. Mhandisi aliyetuletea kompyuta hiyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, tumbo moja baba mmoja. Najua mkataba wake umefungwa na mashine kama ng'ombe na ndama: ikitoka Jumatatu, naye anatoka nayo. Dada yangu alinipigia simu juzi, akasema neno moja tu, "Haya," akakata. Mwenye dada mkubwa anajua uzito wa neno hilo. Lakini kazi ni kazi na undugu ni undugu, na mimi nimevitenganisha viwili hivyo kama nyaya za moto zinavyotenganishwa, zisije zikagusana tukaungua wote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kompyuta haipandi nguzo.

Mpwa wangu alinieleza inavyofanya kazi, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwenye kila laini vimefungwa vipimo vidogo. Umeme ukikatika, vipimo vinapeleka habari ofisini. Kompyuta inazilinganisha habari hizo na hitilafu zote za zamani ilizosomeshwa, kisha inaandika kwenye kioo: hitilafu iko nguzo fulani, sababu yake fulani, itachukua muda fulani kurekebishwa. Nikamwuliza, imetoka nje kuangalia? Akasema, haitoki, mjomba. Imenusa? Hainusi. Imejuaje basi? Akasema, imejifunza.

Mheshimiwa, shule niliiacha darasa la sita kwa makubaliano mazuri kati yangu na mwalimu, lakini hata mimi najua kwamba elimu ya umeme iko kwenye sikio. Unaliweka kwenye nguzo, unafumba macho, unanyamazisha moyo. Mwaka wa mvua kubwa niliweka sikio kwenye nguzo ya kwanza hapo uani kwetu nikasikia kikombe kimepasuka kwenye nguzo ya mia tatu na kumi. Nasema kikombe kile cheupe kinachoshika waya usiguse nguzo, si hiki cha Mama Birika. Na nyuma ya kikombe nikasikia mke wa mlinzi wa huko akimsema mumewe. Nilipofika, kikombe kimepasuka kweli, na mume kanuna kweli. Kompyuta gani itakuambia kwamba mume kanuna?

2. Kompyuta haina adabu kwa wakubwa.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, laini ya tatu ilizima. Nikaweka sikio, nikatangaza mbele ya watu: hitilafu iko mashariki, karibu na kiwanda cha mikate. Kioo nacho kikaandika: magharibi, kati ya nguzo ya 140 na ya 141, tawi limelala juu ya waya. Dereva wetu, huyu tunayemwita Taratibu kwa kuwa gia ya tatu anaisikia kwa watu, akauliza, "Mkuu, tunaenda kwa sikio au kwa kioo?" Nikamwambia, "Swali gani hilo?" Tukaenda mashariki. Mashariki palikuwa pazuri sana. Mikate ilikuwa inatoka motomoto. Tukaenda magharibi. Tawi likawepo.

Watu wakacheka. Lakini hawajui umeme hao. Hitilafu ni kama panya, Mheshimiwa: akisikia hatua za paka mzee, anahama shimo. Ilinisikia ninakuja mashariki ikakimbilia magharibi. Kompyuta haina hatua, ndiyo maana inazikuta zimetulia nyumbani kwao. Huo si utaalamu. Huo ni uviziaji.

Na inaendelea hivyo hivyo siku sita za juma, inasema kweli mfululizo bila hata kupumzika, hali ambayo kwa binadamu tungeihesabu kuwa ni ugonjwa. Ni Ijumaa peke yake inapokosea. Na hapo kwenye Ijumaa ndipo maji yaliponifika shingoni.

3. Kompyuta imeniibia kunguru.

Kompyuta hiyo haikuzaliwa na akili. Ilisomeshwa. Na vitabu ilivyosomea ni vya nani? Vyangu. Vitabu ishirini na saba vya kumbukumbu za hitilafu, majalada magumu, vimeandikwa kwa mkono huu huu unaokuandikia. Mpwa wangu alikaa miezi mitatu akivinakili ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakawa mekundu kama taa ya hatari.

Sasa fungua kitabu chochote, Ijumaa yoyote. Utakuta: Umeme umekatika saa tisa alasiri. Mahali: nguzo 88. Sababu: kunguru. Maelezo: amekufa papo hapo. Ijumaa mia nne na kumi na mbili, kunguru mia nne na kumi na wawili. Nilibadilisha kidogo hapa na pale ili msomaji asichoke. Kuna kunguru wawili waliogombea mfupa. Kuna kunguru na mkewe; wa ziada sikuwahesabu. Kuna kunguru aliyefukuzwa na nyoka hadi juu ya nguzo. Na kuna yule maarufu aliyetua kwenye waya huku amebeba kijiko cha chuma mdomoni. Alipofungua mdomo kumwitikia mwenzake, kijiko kikadondokea katikati ya nyaya, mji mzima ukazima. Meneja aliyekutangulia alisoma hiyo akatokwa na machozi, akaomba nimsomee tena.

Kompyuta imezisoma zote na kuziamini zote. Matokeo yake, kila Ijumaa alasiri umeme ukikatika, popote pale ulipokatikia, vipimo viseme visemavyo, kioo kinaandika: NGUZO 88. KUNGURU. UHAKIKA ASILIMIA TISINI NA SITA.

Huo ni wizi wa mchana. Kunguru niliyemwandika mimi alikuwa wa kweli, kwa sababu nilimwandika nikiwa hapa hapa. Kila Ijumaa saa tisa mimi nilikuwa hapa, gari lilikuwa hapa, drafti ilikuwa hapa. Ripoti ingewezaje kuwa kwingine? Lakini kunguru wa kompyuta ni uongo mtupu, maana yenyewe haijawahi kukanyaga hapa hata kwa bahati mbaya. Ndege ni wa aliyemwona, Mheshimiwa. Na kama hakumwona, basi ni wa aliyetangulia kumwandika.

4. Kompyuta inachungulia muda wa watu.

Imetangaza kwamba kunguru wa Ijumaa huchukua saa mbili na dakika arobaini kumalizana naye, wakati hitilafu za siku nyingine huchukua nusu saa. Mpwa wangu alinionyesha mchoro: vijiti vya siku sita vifupi kama nyasi zilizofyekwa, cha Ijumaa kimesimama peke yake kama mnara. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, kwani kunguru ana uzito gani?" Nikamjibu inategemea alikula nini.

Nakufafanulia wewe, kwa kuwa ni mkuu wangu. Dakika kumi za kumsikitikia ndege. Dakika ishirini za kukagua nguzo. Zilizobaki ni za kuiacha nguzo ipoe. Kuna mwenye ulimi mrefu amesema kwamba huo ndio muda wa michezo mitano ya drafti na Mama Birika. Mtu huyo ni mwongo na drafti haijui. Michezo mitano na Mama Birika haimalizi hata saa moja. Ananifunga upesi mno.

5. Kuhusu kofia yako.

Naingia hapa kwa unyenyekevu. Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, fyuzi ya transfoma ya kiwanda cha mikate iliungua. Kioo kikaandika nguzo 88, kunguru. Taratibu akaleta gari hapa. Mimi nilikuwa nimeshatangulia, kwa mkosi tu. Tukasimama tukaangalia juu. Kunguru hayupo. Tukaangalia tena. Kioo kinasema yupo. Saa mbili na dakika arobaini tumeinua shingo, mpaka Mama Birika akatuuliza kama tunaomba mvua.

Huko kiwandani mashine za kuoka zimelala na unga uliokwisha kukandwa unaumuka. Uliumuka ukajaza beseni, ukajaza chumba, ukausukuma mlango, ukatoka barabarani, ukamfuata fundi viatu hadi kwenye kigoda chake. Alikimbia na kiatu cha mteja mkononi. Mteja hadi leo anavaa kimoja. Hayo niliyaona kwa macho yangu, ingawa nilikuwa hapa.

Na mtaa huo huo wa kiwanda, wewe Mheshimiwa ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kinyozi. Upande wa kulia mashine ilikuwa imeshapita. Upande wa kushoto ilikuwa ndiyo inakuja. Umeme uliporudi kinyozi alikuwa ameshasahau alichokuwa amekusudia, na pande hizo mbili hazijapatana mpaka leo. Tangu siku hiyo unavaa kofia ofisini, kwenye kikao, hata ukinywa maji. Wafanyakazi walianza kusema ni mafua. Nilikutetea. Niliwaambia ni mafua kweli, ila ya upande mmoja.

Naelewa, basi, kwa nini umeitisha kikao kwa haraka, na kwa nini ulimwambia mpwa wangu mbele ya watu, "Dada, ama mimi ama kunguru wako." Nakuunga mkono. Mimi na kofia yako tuko upande mmoja.

5 tena. (Namba tano ilikuwa ndefu, nikasahau kuigeuza.) Kompyuta inamharibia jina mpwa wangu.

Huyu binti unayemwona na miwani na kompyuta ya mkononi, mimi nimemjua akikalia sanduku langu la vifaa uani kwa mama yake, miguu haifiki chini. Nilikuwa nikitoka kazini namsimulia kunguru wa kijiko. Wengine wote walikuwa wakicheka na kuondoka. Yeye aliuliza, "Halafu kijiko kikaenda wapi, mjomba?" Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza kijiko kilikwenda wapi. Nikasema kiliyeyuka. Akauliza chuma kinayeyuka kwa joto kiasi gani. Kesho yake alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule nyaya mbili, kijiko katikati, na cheche zimetoka pande zote. Dada yangu alimchapa yeye kidogo na mimi zaidi, na ukuta nikaupaka rangi mimi. Toka hapo mtoto hakutaka kusikia habari nyingine ila umeme, mpaka akaenda kuusomea na kuuzidi.

Leo pale ofisini wanamwita Mama Kunguru. Akipita wanamlilia, "Kwaa!" Anacheka, lakini kwa meno tu. Jumatano nilimkuta anaweka kikombe chake na waya wake wa kuchajia kwenye boksi la karatasi, na hakuna aliyemwambia aondoke. Nikamwuliza, "Kulikoni?" Akasema, "Napunguza vumbi mezani, mjomba."

Na nikuambie jingine. Yule mhasibu alimwuliza mbele yangu, "Hivi hayo mambo ya kunguru umeyatoa wapi?" Angeweza kuninyooshea kidole, nilikuwa hatua mbili tu, mlango uko nyuma yangu. Akasema, "Nimeyatoa kwa fundi bora kuliko wote ninaowajua." Chai ilinipalia hapo hapo, na ilikuwa imeshapoa.

Ndiyo maana nasema iondolewe. Mashine inayomfanya mtoto wa watu aseme maneno kama hayo ofisini ni ya hatari.

6. Kompyuta inataka na mengine.

Haikutosheka na vitabu ishirini na saba. Jana mpwa wangu alikuja, akaniamkia vizuri, akasema, "Mjomba, mama anasema una daftari jingine. Jekundu. La mfukoni." Nikamjibu kwamba mama yake tangu utoto huota mchana. Akasema, "Kama lipo, lingenisaidia kabla ya Jumatatu." Nikamwambia halipo, huku nimelifunika na kiganja.

Daftari hilo, Mheshimiwa, ni la mambo yangu ya ndani. Halihusiani kabisa na fyuzi za kiwanda cha mikate, wala vikombe vilivyopasuka laini ya tatu, wala yale matawi ya barabara ya shule niliyotakiwa kuyakata kabla ya mvua nikayaacha. Sielewi hata kwa nini nimelitaja.

Kutokana na malalamiko hayo, naomba yafuatayo, kwa heshima zote:

Kompyuta ipandishwe juu ya nguzo angalau mara moja, mbele ya mashahidi, ikiwa na mkanda wa usalama. Ngazi nitaishika mimi.

Kila asubuhi, kabla haijaandika lolote kwenye kioo, iniamkie. Nami nitaitikia; sina kinyongo.

Kunguru wote mia nne na kumi na wawili warudishwe kwangu kwa maandishi, pamoja na nyoka mmoja na kijiko.

Ikishindwa hayo, iondolewe Jumatatu saa tatu na robo, na mahali pake niwekwe mimi. Nguzo moja ndefu ichimbiwe katikati ya ofisi, ipitishwe kwenye dari, iunganishwe na laini zote za mji. Nami nipewe kiti cha kuzunguka niweke sikio la kulia kuanzia asubuhi, la kushoto kuanzia adhuhuri. Mji mzima utakuwa kichwani mwangu. Umeme ukikatika nitapaza sauti tu: mashariki! magharibi! Na siku nikistaafu, miaka minne ijayo, sikio langu lichongwe kwa zege mbele ya lango, urefu wa mtu mmoja na nusu, ili wanaokuja kuunganishiwa umeme walinong'oneze shida zao.

Nadhani hilo si kubwa kwa mtu ambaye hajisifu.

Basi nikomee hapo, kwa kuwa karatasi imekwisha na Mama Birika hauzi karatasi. Nisalimie wote pale ofisini. Msalimie Taratibu, mwambie gia ya tatu haiumi. Wasalimie kiwanda cha mikate na umpe pole fundi viatu. Msalimie kinyozi, mwambie ajaribu tena kuanzia nyuma. Msalimie yule mhasibu, lakini kidogo. Dada yangu ukimwona, mwambie rangi niliyopaka ukuta wake ilikuwa rangi nzuri. Mpwa wangu simsalimii, maana tuko kwenye kesi. Ila mwambie lile boksi asilifunge kwa gundi bado.

Ni mimi niliye chini yako kwa cheo na juu yako kwa nguzo,

Fundi Mkuu wa Gari la Dharura,
Mjomba Sikio.

Baada ya sahihi, saa kumi kasorobo:

Mheshimiwa, usiitupe barua; hapa naandikia karatasi ya kufungia majani ya chai. Saa tisa na dakika nne nilikuwa nalamba bahasha. Juu ya kichwa changu kikapasuka kitu kama ngoma. Redio ya Mama Birika ikakata neno katikati, mtaa wote ukanyamaza. Nikainua macho kwenye nguzo ya themanini na nane. Kipande cha waya, urefu wa mkono, kimelala juu ya nyaya mbili, kinafuka moshi ncha zote. Pale juu kabisa, mwanzo wa kiota. Na chini, miguuni pangu, chali, mkia unafuka: kunguru.

Kunguru, Mheshimiwa. Mwenye mdomo na miguu.

Waya ule naujua. Niliukata mwenyewe mwezi uliopita nikauacha chini ya nguzo, na kanuni inasema vipande viokotwe. Yeye aliuokota, akaenda kujengea. Mama Birika alimtazama kunguru, akanitazama mimi, akasema, "Mjomba Sikio, huyo umemtoa wapi?" kama vile nilikuwa namfuga mfukoni miaka thelathini na moja.

Nikapiga simu ofisini. Nikasema, nguzo 88, kunguru. Aliyepokea alicheka mpaka akaiweka simu mezani ili wenzake nao wacheke. Nikasikia, "Jamani, Ijumaa zote hizi hata ndege habadilishi!" Nikapiga mara ya pili. Nikaapa kwa sikio langu. Wakacheka zaidi. Mara nikasikia honi. Taratibu huyo, gia ya tatu, vumbi limemfuata nyuma. Nikamwuliza nani amekutuma, maana mimi wamenikatia simu. Akasema, "Kioo, mkuu. Kimeandika kunguru. Mpwa wako kasema niende tu, hata kama wanacheka." Dakika kumi na tisa, umeme ukarudi. Nguzo nilipanda mimi mwenyewe. Nilishuka na waya wangu mkononi.

Sasa acha nikuambie nisilowahi kumwambia mtu. Katika zile Ijumaa mia nne na kumi na mbili, hapakuwa na kunguru hata mmoja. Huyu ndiye wa kwanza. Hitilafu zilikuwapo, ila zilikuwa kwingine. Mimi nilikuwa hapa nafungwa drafti, na nikishafungwa ndipo nilikwenda kuzitengeneza. Zote zimo kwenye daftari jekundu: nguzo yake, sababu yake, na zile ambazo kosa ni langu. Fundi anaweza kuidanganya ofisi, lakini hawezi kuidanganya nguzo atakayoipanda tena kesho. Daftari nimelitia ndani ya bahasha hii. Mpe mpwa wangu leo leo, akaisomeshe Ijumaa upya. Kompyuta haina kosa, wala yeye hana. Ilifundishwa na mimi.

Malalamiko yote nayafuta, yale sita pamoja na tano ya pili. Maombi nayo nayafuta, isipokuwa kiti cha kuzunguka.

Mameneja wanne nimewasimulia kunguru. Wote walicheka, mmoja akalia, lakini hakuna aliyeniamini. Walioniamini neno kwa neno ni mashine hiyo na binti aliyeuliza kijiko kilikwenda wapi. Na leo niliposema kweli kwa mara ya kwanza, mji mzima ulicheka; waliokuja ni hao hao. Usiwafukuze, Mheshimiwa. Nitasimama mwenyewe kwenye kikao nilisome hili kwa sauti, na wewe ukitaka uvue kofia, ukitaka uiache.

Kunguru yumo kwenye boksi la majani ya chai la Mama Birika, kama ushahidi. Njoo umwone kabla ya Jumatatu. Ni mzima, mkia tu ndio umeungua. Mkate hataki, maji hataki. Amekaa ananitazama kama aliyesoma vitabu vyangu vyote ishirini na saba.